Malori Mawili ya Kwenda Liuli

Mwaka ule wanawake wa Lihumbila waliacha kumtegemea jogoo. Kila alfajiri raba za Egidi zilipita njia ya juu ya kijiji, zikigonga udongo uliokazwa na baridi, na aliyezisikia akiwa bado kitandani alijua ni saa kumi na moja na nusu, akaamka kuwasha moto. Wengine walimlaani kwa mzaha. Bibi Kunigunda, mwenye goti bovu, alikuwa akimngoja mlangoni amwambie kwamba mwanamume mwenye akili hukimbia akiwa na nyuki nyuma yake, au mke.

Lakini Egidi alikuwa na jambo lake. Septemba ya mwaka 1993 alikuwa ameshuka Liuli, kwenye mbio za ufukweni, akashika nafasi ya nne. Kilomita thelathini, kwa jinsi walivyopima wao, kuelekea Ngumbo na kurudi. Aliyemshinda ni Meshack, mwalimu wa huko huko ziwani, mtu wa miguu mirefu aliyezoea mchanga tangu anatambaa. Alimpita kwenye mwinuko wa mwisho bila hata kuhema, akamwambia, "Pole, mtu wa milimani. Hewa ya huku ni nzito, inabidi uitafune." Watu wakacheka. Egidi akapanda nayo kauli hiyo mpaka Umatengo kama mwiba kwenye kisigino.

Kabla ya mbio, hata hivyo, inafaa lijulikane jambo la ghala, maana siku hizi wapo wanaosema ghala la Lihumbila lilijengwa na Serikali. Hao ni waongo. Lilijengwa mwaka 1974 kwa mawe yaliyotolewa mtoni na kupandishwa mlima kichwani, mwezi mzima, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Baba yake Egidi, marehemu Jerome, alibanwa na jiwe la kona. Kidole chake cha shahada kimo ndani ya msingi ule mpaka leo, na hiyo si methali. Kahawa yote ya kijiji ilipita humo, na mizani ilikuwa yetu, na mpimaji tulimchagua sisi, na akipunja tulijua nyumba anayolala.

Ukaja wakati wa soko huria. Wakaja na Land Rover nyeupe watu wa Kampuni ya kununua kahawa, wamevaa miwani, wakaliona ghala wakalipenda. Wakaomba chama chetu cha ushirika kiwaachie. Mkutano ukakataa. Wakarudi kabla ya Krismasi na maneno matamu zaidi, mkutano ukakataa mara ya pili, na siku hiyo Egidi ndiye aliyesimama akasema habari ya kidole cha baba yake, watu wakapiga makofi hadi vumbi likashuka kutoka darini. Aliyeandika maneno hayo kwenye daftari la mkutano alikuwa katibu wa chama, Tadei. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri, taratibu, kila neno.

Tadei alikuwa shemeji yake, amemuoa Devotha, dada yake Egidi. Tena walikuwa wamekimbia pamoja tangu shule ya msingi, pekupeku, wakigombania nani aguse kwanza mti wa kengele. Kwa hiyo Tadei alipomletea raba kutoka Mbinga, raba za kweli zenye kisigino cha sifongo, Egidi hakuuliza zimetoka wapi. Nani humuuliza shemeji swali kama hilo? Tadei akasema, "Miaka yote umekimbia kwa ajili yako mwenyewe ndiyo maana unashika nne. Mwaka huu kimbia kwa ajili ya kijiji."

Akamtengenezea ratiba. Jumatatu milima, Jumatano mbio ndefu hadi Langiro na kurudi, Ijumaa kasi. Tadei akasimama barabarani na saa ya mkononi, kofia imefunika masikio, akiita dakika. Mvua za Desemba zikaja, Egidi akakimbia kwenye utelezi akianguka na kuamka, akirudi nyumbani mwekundu kama tofali bichi. Mkewe, Dafrosa, alimuogesha mgongo kwa maji ya moto bila kusema neno. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja tu.

Machi ndiyo ilikuwa tabu. Machi kwetu ni mwezi wa ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremkoni, safu kwa safu, ili mvua isiondoke na udongo. Shamba lisilo na ngolo ni njaa ya mwaka unaofuata. Mtu hawezi kuchimba ngolo mchana kutwa halafu akakimbia mlima. Tadei akamwambia aite ngokela. Ukiita ngokela kwa Wamatengo, jirani haulizi kwa nini. Anakuja na jembe lake, anafanya kazi, anakunywa, na siku akiita yeye, nawe unakwenda hata kama una homa. Asiyekwenda hatukanwi. Hutazamwa tu, mpaka atamani kutukanwa.

Walikuja watu sitini na zaidi. Shamba la Egidi likaisha kwa siku moja, naye akakatazwa kushika jembe. Baba mkubwa wake, Vitalis, mkali wa ukoo, alimkalisha kwenye jiwe akasema miguu hiyo sasa ni mali ya umma. Watu wakacheka. Egidi hakucheka. Alitazama migongo ile iliyoinama kwenye mteremko wake, akajua kwamba akirudi tena na nafasi ya nne, hataweza kupita njia ya juu kijiji kikiwa macho.

Pasaka alikimbia mjini Mbinga akawa wa pili. Juni, kwenye sikukuu ya Petro na Paulo, akawa wa kwanza, akapewa sufuria. Kahawa ikaiva. Mchana alichuma, alfajiri alikimbia, na jioni alilala kama gogo.

Mwishoni mwa Agosti, alfajiri moja ya ukungu, alipita penye ghala akasikia nyundo. Akachungulia. Tadei alikuwa ndani, amesimama nyuma ya mlango, misumari mdomoni. Egidi akamuuliza anafanya nini mapema hivyo. Tadei akatoa misumari mdomoni akasema anatafuta mahali pa kutundika koti, baridi imezidi. Wakacheka. Egidi akaendelea na mlima wake, na siku ile alipanda vizuri kuliko siku zote.

Wiki ile ile Tadei akaja na habari. Kampuni imekuwa mfadhili wa mbio za Liuli. Inataka kusahau ugomvi wa ghala. Itatoa malori mawili, bure, watu wakamshangilie mtu wao. Kuondoka Ijumaa, mbio Jumamosi, kurudi Jumapili. Dafrosa alikuwa akipepeta maharage. Akauliza, bila kuinua uso, tangu lini mwenye lori akabeba watu bure. Tadei akamwita shemeji wa shamba, akamweleza kwamba hilo ni tangazo la biashara, dunia imebadilika. Kisha akamgeukia Egidi.

"Ila watu wa kwetu unawajua. Ukiwaambia lori la Kampuni, watakataa. Waite wewe. Waite ngokela."

Ngokela ya mbio. Haikuwahi kusikika, na kwa sababu haikuwahi kusikika ikapendwa. Egidi alizunguka kijiji kizima kwa mbio, nyumba hadi nyumba, akibisha na kuita kama desturi inavyotaka. Mlichimba shamba langu, njooni mle matunda yake. Hakuna aliyekataa. Hata Vitalis, ambaye hajawahi kuliona ziwa, aliomba kuazimwa koti. Ijumaa asubuhi malori yalijaa hadi vijana wakaning'inia kwenye vyuma. Tadei alimshika Egidi mkono dirishani, akasema yeye atakuja nyuma na gari la Kampuni, atamngoja pa kumalizia na saa mkononi.

Sasa, mbio zenyewe. Jua la ziwani lilikuwa kali, na mchanga ulinyonya miguu, lakini Egidi alikuwa amekuja na hewa ya kutafuna. Watu wake walijipanga njia nzima hadi Lipingo, pa kugeuzia. Kila alipokaribia kukata tamaa alikuta uso wa nyumbani na kibuyu cha togwa, na mtu akimsema kwa Kimatengo, maneno ya nyumbani yasiyoandikika. Walipogeuza, Meshack alikuwa mbele kwa hatua mia. Penye mwinuko wa mwisho, ule ule, Egidi akamfikia. Hakumwambia kitu. Alimpita akihema kwa sauti kama ng'ombe, machozi yakimtoka kwa jasho la chumvi, akaikata kamba kwa kifua na kuangukia mikononi mwa Vitalis, aliyekuwa amevua koti na kubaki na shati lililotoboka.

Akapewa kikombe. Akatafuta kwa macho uso wa Tadei na saa yake. Hakuuona.

Baadaye alikuwa ameketi majini na Meshack, wakipoza nyayo, wamekuwa marafiki kama watu wawili walioumizana wanavyokuwa. Meshack akasema hata yeye hakuwa tayari vizuri. Walipanga mbio ziwe wiki mbili mbele, baada ya mitihani ya shule, ila mfadhili alizivuta nyuma.

"Walikwambia kwa nini?" Egidi akauliza.

"Walisema lazima iwe Jumamosi hii. Siku nyingine yoyote, hawatoi kitu."

Maji ya Nyasa yana joto mwezi ule. Egidi alihisi baridi ya Lihumbila imempanda miguuni.

Njiani kurudi watu waliimba kuanzia Mbamba Bay mpaka kona za mlima, kikombe kikapita mikono yote, watoto wakanywea maji. Egidi alikaa pembeni. Dafrosa alimtazama mara moja, kisha naye akaacha kuimba.

Walifika Jumapili alasiri. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli jipya, kubwa kama ngumi mbili, na ubao wenye jina la Kampuni, rangi bado inanuka. Mbele yake, kwenye kigoda, aliketi Bibi Kunigunda na fimbo yake. Goti lilimnyima lori. Nyimbo zikafa moja moja, kutoka mbele kwenda nyuma.

Egidi akamwamkia. "Shikamoo, bibi."

Bibi Kunigunda hakuitikia marahaba. Alisema mkutano mkuu ulifanyika jana saa nne. Tangazo lilikuwapo siku kumi na tano kama kanuni inavyotaka, limepigwa misumari nyuma ya mlango; na mlango wa ghala mchana huwa wazi, mgongo wake ukutani, nani angelisoma? Walikuja watu thelathini na mmoja. Saba aliwajua. Waliobaki walitoka mjini, wameshika kadi za uanachama za marehemu wetu. Aliwaambia hivyo usoni, wakamwambia ana haki ya kusema, hana haki ya kelele.

"Kadi ya baba yako ilinyoosha mkono," akasema. "Nilimlilia Jerome mimi mwenyewe kaburini. Jana nimemwona anauza kidole chake."

Kadi ya Jerome ilikuwa imehifadhiwa sandukuni kwa Devotha.

Egidi hakungoja alfajiri. Alikimbia na zile raba hadi kwa shemeji yake, akamkuta anapakia masanduku kwenye Land Rover. Devotha alikuwa ndani ya gari tayari, amefunga kitambaa hadi machoni. Tadei hakukimbia, hakutetemeka. Alifunga kamba ya mzigo kwanza.

"Shemeji, ulitaka kushinda, umeshinda. Ningekwambia mapema, ungekimbia?"

"Uliniambia nikimbie kwa ajili ya kijiji."

"Na kijiji si kimeona ziwa?"

Watu huuliza kwa nini hakumpiga. Egidi mwenyewe amejiuliza miaka mingi. Mikono ilikuwepo. Ila alikuwa amefundishwa mwaka mzima kumsikiliza mtu yule akiita dakika, na mwili una ujinga wake. Alivua raba, akaziweka juu ya boneti, gari likaondoka nazo.

Jioni ile alikwenda senguni, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kusemana. Hakuna aliyemnyima ugali. Walimsogezea bakuli kama siku zote, na hilo lilimkata kuliko panga. Mwisho Vitalis akanawa mikono, akauliza swali moja, kama alijua. Egidi akasema hakujua.

"Basi wewe ni mpumbavu, si mwizi," Vitalis akasema. "Kula."

Walikubaliana kupeleka malalamiko Songea kwa mrajis wa vyama vya ushirika. Ilitakiwa karatasi yenye alama za dole gumba za wanachama waliokosa taarifa, ndani ya mwezi mmoja. Nani azunguke nyumba zote na vitongoji vyake? Macho yakamwendea mwenye miguu.

Alfajiri Egidi akatoka pekupeku, karatasi kifuani, kidau cha wino mkononi. Njia ile ile. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Margareta, aliyechimba safu nne za ngolo shambani kwa Egidi akiwa na mimba. Alibisha, akaita. Margareta akafungua mlango nusu, akaitazama karatasi, akamtazama yeye.

"Ni ngokela nyingine?" akauliza. Akafunga, polepole, bila ubaya.

Nyumba ya pili hawakufungua. Ya tatu waliitika kutoka ndani wakasema mwenye nyumba amekwenda shamba, na Egidi alimsikia akikohoa. Alipofika ya saba karatasi ilikuwa nyeupe. Akaketi kwenye kingo za njia. Alikuwa mtu mwenye kasi kuliko wote kutoka Mbinga hadi ziwani, na hapakuwa na mlango uliotaka kumwona akifika.

Ndipo akasikia fimbo. Bibi Kunigunda alikuwa anapanda njia ya juu, hatua, pumziko, hatua. Akamwambia ambebee kigoda.

Wakarudi kwa Margareta. Kutoka pale hadi mlangoni kwake Egidi angetumia dakika tatu. Walitumia karibu saa nzima. Bibi alibisha yeye, akaketi, akaeleza yeye, akachovya dole lake kwanza. Margareta akatoa lake. Egidi alisimama nyuma, kigoda kilipoinuliwa akakibeba, wakaenda nyumba ya pili.

Walitumia siku kumi na tisa. Jioni miguu ilimuuma kwa mwendo ule kuliko ilivyowahi kumuuma Liuli, na asubuhi alikuwa mlangoni kwa bibi kabla hajaamka, akimngoja.