Umri wa Kidonda

Nyamizi alilowesha bendeji kwa maji ya chumvi, akasubiri ilainike, kisha akaibandua taratibu kutoka kwenye muundi. Kidonda kilikuwa kibichi kama siku ya kwanza. Jembe lilimteleza wakati wa palizi, na sasa pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Wiki ileile jirani yake Gloria, binti wa miaka ishirini, naye alijikata kwa jembe. Kidonda chake kilifunga kabla hawajamaliza kupalilia.

Alifunga kitambaa safi, akapanda bodaboda kutoka Nkololo hadi Bariadi mjini.

Hospitalini, muuguzi Mektilda alimpokea kwa salamu ya Kisukuma, akamwita mayu, yaani mama, akampima sukari, ikawa sawa. Akakikagua kidonda kwa muda mrefu. Nyamizi alimuuliza kama amelogwa, maana nyumbani ndivyo walivyokuwa wakisema.

"Hujalogwa, mayu. Ni umri," alisema Mektilda. "Mwilini kuna seli shina. Za kwenye ngozi huzaa ngozi mpya, za ndani ya mifupa huzaa damu na askari wake. Nazo zinazeeka. Zinakuwa kama mbegu ya pamba iliyokaa ghalani misimu mitatu. Ukiipanda, nyingine inaoza, nyingine inaota imepinda."

"Basi ndiyo sitapona?"

"Utapona kwa kusaidiwa. Tukisafishe kila baada ya siku moja, upate na dawa. Tukikiacha, wadudu wataingia mfupani, na askari wako sasa ni wachache na wavivu. Hapo utakatwa mguu."

Matibabu ya wazee yalikuwa bure. Kilichotakiwa ni muhuri tu, kutoka dirisha lililoandikwa juu yake kwa rangi nyekundu: MPISHE MZEE AHUDUMIWE KWANZA.

Pale dirishani alikaa Sylvester, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Aliingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasoma, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, wewe bado."

"Bado nini?"

"Bado mzee. Umezaliwa sabini na sita. Miaka sitini iko mbali."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akasema mama ashukuru, wengine wanatafuta ujana kwa waganga.

Nyamizi hakucheka. Alijua kosa lilipotokea. Siku ya kuandikisha vitambulisho alikwenda na Precious mgongoni, mtoto wa binti yake aliyefariki akijifungua. Mwandishi alipomuuliza mwaka wa kuzaliwa, alijibu alivyofundishwa na mama yake: mwaka wa mvua kubwa, ile iliyokuja na Uhuru. Mwandishi alimtazama mtoto, akasema mwenye kichanga mgongoni hawezi kuwa amezaliwa Uhuru. Akakata miaka kumi na mitano kwa kalamu. Nyamizi alisema huyu ni mjukuu. Mwandishi alikwisha kumwita mwingine.

Yote hayo alimweleza Sylvester, polepole, asikose hata moja. Sylvester alisikiliza. Akamwambia aende ofisi ya vitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

"Nilizaliwa kwenye shamba la mtama. Nani aliandika cheti?"

"Basi kiapo cha mahakama. Halafu usubiri mfumo ubadilike. Miezi mitatu, minne."

Mektilda alikuja na faili mkononi, akaeleza habari ya mfupa na ya seli zilizochoka. Alisema mwili hausomi kitambulisho. Sylvester alishusha sauti kwa heshima.

"Sista, naelewa. Lakini mfumo hauna mahali pa kuandika seli. Nikimgongea muhuri, mkaguzi atanikata mshahara mimi."

"Na huyu atakatwa nini?"

Sylvester alitazama kompyuta. Akamwomba mama asogee, au aende dirisha la malipo.

Nyamizi alikuwa na nauli ya kurudi tu. Alisimama palepale. Hasira ilimpanda bila haraka, kama maji yanavyopanda kisimani. Alikuwa amelima pamba ya nchi hii tangu hajaota matiti, na nchi ilikuwa imemwamini mwandishi aliyemtazama mara moja.

Akainama, akafungua kitambaa. Akashika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja, akavuta benchi kwa mwingine, akapanda, akaulaza mguu juu ya meza ya dirisha, kidonda kikiwa kimeelekea ndani.

"Mama, tafadhali," alisema Sylvester.

"Andika miaka unayoiona."

Harufu iliingia. Sylvester alifunika pua, kisha akavuta pazia la dirisha alifunge. Lilikwama kwenye kisigino. Akavuta tena, likakwama tena.

Nyuma, mzee mwenye fimbo, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alimsikia Sylvester akisema kutoka ndani kwamba wengine wapite dirisha la pili. Hakwenda. Akashika benchi lisiyumbe.