Ncha ya Pili

Kilele cha mchoro wa vipimo kilikuwa kimesimama kwenye kioo cha kompyuta, pale pale penye sifuri, kama mgeni aliyekuja kukaa. Mtafiti alikitazama asimalize. Waya wake, ambao unywele mbele yake ni gogo, ulikuwa ndani ya jokofu kubwa, kwenye baridi inayoufanya umeme upite bila kuzuiwa. Tangu autengeneze alitafuta jambo moja: hali inayojigawa nusu kwa nusu, nusu ncha hii, nusu ncha ile, katikati kimya, na dalili yake ni kilele penye sifuri kwenye kila ncha.

Maabara ile ina mwiko. Hakuna kusema "tumeipata" kabla ncha zote mbili hazijasema. Anayeropoka huwapikia wote chai mpaka wachoke kumcheka. Yeye alikuwa amepima kushoto, akaona kilele. Akapima kulia, akaona kilele. Akasema.

Profesa, mama mgumu wa kucheka, alitabasamu na kuahidi kulitangaza jambo hilo mchana kwenye mkutano. Fundi wa jokofu akamtania kwamba kuanzia leo hatasalimia watu. Bibi yake naye akapiga simu.

"Mke mwenzangu, yule mdudu wako wa vichwa viwili umemnasa?"

"Nimemnasa, bibi."

"Usimlete hapa. Babu yako mwenye kichwa kimoja ananitosha."

Alikata simu akicheka, lakini kitu kilimtekenya. Aliiweka michoro ya ncha mbili, mmoja juu ya mwingine. Ikalingana, hata kale katetemeko kadogo pembeni. Pacha na pacha wanafanana, lakini mmoja akikohoa, mwingine si lazima akohoe.

Akataka kujua. Aliongeza volti kidogo karibu na ncha ya kushoto. Hali ya kweli ingeiacha ncha ya kulia itulie, kama haikusikia. Kilele cha kulia kikaruka.

Aliinuka polepole, akaenda nyuma ya jokofu. Kila ncha ina matundu mawili ya kuchomekea nyaya za kupimia. Yeye, kwa haraka ya furaha, alikuwa amezichomeka zote mbili upande wa kushoto. Ncha moja ilikuwa imejibu mara mbili.

Mkutano ulikuwa unakaribia, na hakuna mwingine aliyejua. Alihamisha waya mmoja wa kupimia upande wa kulia, akapima. Mstari ukalala tambarare kama meza, bila kilele.

Alimkuta Profesa akikusanya karatasi zake, akamweleza yote, macho yake chini. Profesa akazirudisha karatasi mezani.

"Basi hicho cha kushoto ni nini?"

Mtafiti alijishangaa. Alitegemea kutokwa machozi, na badala yake alikuwa tayari anawaza abadilishe nini kwanza, usumaku au volti.

Fundi alimwonyesha birika. Akalijaza maji, akatia majani ya chai, akaliteleka, akabeba kompyuta yake hadi kando ya jiko. Kilele cha kushoto kikaanza kusogea, kidogo tu, kila alipopunguza usumaku. Aliinama zaidi.

Wenzake waliingia wakiulizana nani anaunguza chai.