Miguu Isiyofika Chini

Vénant alichora katuni magazetini Bujumbura tangu ujana wake, mpaka gazeti lake lilipofungwa na yeye akakimbia na mkewe Concessa. Sasa wanaishi Skärholmen, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, na binti yao Raïssa, na kazi yake ni kupanga mizigo kwenye ghala moja huko Jordbro. Kuchora hakuacha. Kila wiki humtumia Cliff, mhariri wa gazeti la mtandaoni la Nairobi, katuni isiyo na jina la mchoraji. Mhusika wake ni yule yule wa zamani: Mheshimiwa mnene aliyekalia kiti kikubwa mno, miguu inaning'inia, haifiki chini.

Jumapili moja baada ya misa, watu wakinywa kahawa ukumbini, Egide alimsogelea. Huyu ni Mrundi mwenzao, mgeni kidogo Stockholm. Wengine walimsifu kwa upole wake, wengine walinong'ona kwamba ana marafiki wakubwa serikalini kule nyumbani. Alitoa simu akamwonyesha katuni ya wiki ile. Mheshimiwa alikuwa juu ya pipa tupu la petroli, na chini yake foleni ya magari ilienda mpaka ukingo wa picha.

"Hii miguu naijua, kaka Vénant," alisema polepole. "Niliizoea gazetini nikiwa shule."

Vénant akajibu kwamba siku hizi kila mtu anachora. Egide akacheka kidogo, akarudisha simu mfukoni, kisha akauliza kama Thierry bado anafundisha kule Kamenge, Bujumbura.

Thierry ni mdogo wake Vénant, na hapo ukumbini Vénant hakuwahi kumtaja. Aliweka kikombe mezani, akamwambia Concessa waondoke. Ndani ya treni alimpigia Thierry. Hakupokea. Akaandika ujumbe, na ujumbe ukabaki na alama moja tu ya kijivu, yaani haujafika.

Jioni alimwomba Cliff aiondoe ile picha. Cliff alisema imeshasambaa, na kuiondoa sasa ni sawa na kukiri kwamba mchoraji mwenyewe kashtuka.

Kesho yake, ghalani, alipeleka kimakosa mizigo ya Malmö kwenye gari la Uppsala, msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Wakati wa mapumziko simu ililia. Alikuwa Annick, mke wa Thierry. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyejifungia chumbani. Simu ya Thierry ilikuwa mbovu tangu Jumamosi, na asubuhi hiyo wanaume wasiojitambulisha walimchukua mlangoni pa shule. Walitaka aseme mchoraji ni nani na yuko wapi.

"Shemeji, mimi sikulaumu," Annick alisema. "Lakini watoto wananiuliza baba yuko wapi."

Vénant hakukumbuka alivyorudi nyumbani. Concessa alimkuta ameketi na koti mwilini. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Raïssa aliuliza kwa Kiswidi kama baba mdogo atakufa. Kisha akaenda kulala bila kula.

Mchana wa siku iliyofuata Cliff, ambaye alishapata habari za Thierry, alimtumia picha mbili bila maelezo. Ya kwanza ilitoka gazeti la Kampala: mheshimiwa mwingine, suti nyingine, amekalia daraja lililopasuka, miguu haifiki chini. Ya pili ilitoka Dar es Salaam, mheshimiwa juu ya mtungi mkavu wa maji, naye miguu yaning'inia. Cliff alikuwa amewaomba wachoraji rafiki zake, kimya kimya, wachore miguu ile ile ili mchoraji halisi asijulikane. Hadi jioni zilikuwa nyingi, nyingine zimechorwa na watu asiowafahamu kabisa, huku mtandaoni wasomaji wakibishana nani kamwiga nani.

Badala ya kupumua, Vénant aliona hofu imeongezeka. Sasa ndugu wa watu wengine pia wangeweza kusubiriwa mlangoni. Aliomba namba ya yule wa Dar, mama aitwaye Leokadia, akampigia kumsihi aifute picha yake.

"Huogopi, dada?"

"Naogopa," alisema Leokadia. "Naogopa kila ninapopeleka kazi kwa mhariri. Hii ya leo haina tofauti. Wewe mtafute ndugu yako."

Thierry aliachiwa mwishoni mwa wiki. Alipiga kwa simu ya jirani, na maneno yalimtoka kwa shida kwa sababu mdomo ulikuwa umevimba. Walikuwa wamemwekea picha zile zote mezani.

"Nikawaambia wanionyeshe ya kaka yangu ni ipi. Wakaanza kubishana wao kwa wao." Akashusha sauti. "Kaka, usiache kuchora. Ila mimi usinipigie tena, mpaka nikutafute."

Vénant alitaka kumwomba msamaha, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Jumapili alimfuata Egide nje ya kanisa, akamuuliza waziwazi kama ndiye aliyepeleka habari. Uso wa Egide ulibadilika. Alisema Thierry alimfundisha hesabu sekondari, ndiyo maana aliulizia. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Huenda alisema kweli. Vénant alimpa mkono, akajua kwamba hatakunywa tena kahawa karibu naye, na akajichukia kwa hilo.

Wiki mbili hakugusa kalamu. Kisha alasiri moja alimchora tena Mheshimiwa, akampelekea Concessa picha jikoni kabla ya kumtumia Cliff. Concessa alikausha mikono, akaitazama kwa muda mrefu.

"Tuma," alisema.

Akaituma. Halafu wote wawili wakakaa mezani, simu katikati yao, wakisubiri kama italia.