Makaburi ya Mahdia Yanayotazama Bahari

Mji wa Mahdia Nasimiyu hakuwahi kuutia machoni, lakini wiki hiyo nzima alikuwa akijaribu kumuuzia Jebet, mwenzake wa chumba huko Muaither, pembezoni mwa Doha, naye Jebet akikataa katakata kununua.

"Mimi ni mke wa tajiri," Jebet alisema, akijifanya mteja, taulo kichwani kama kilemba. "Niende Tunisia kufanya nini, na bahari ninayo hapa hapa Doha?"

"Madam, Mahdia uko kwenye rasi nyembamba, Mediterania imeuzunguka pande tatu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita makhalifa wa Kifatimi waliufanya mji wao mkuu. Unaingia kwa lango refu lenye giza totoro, ukitoka upande wa pili unakutana na mji wenyewe. Ijumaa ni siku ya soko, hariri na dhahabu za maharusi..."

"Dhahabu? Si ungeanza hapo, wewe! Giza la lango nitalivaa shingoni?"

Nasimiyu alikuwa msafishaji katika ofisi ya safari mtaani Al Sadd. Jioni alisomea utalii, akiingia darasani mikono bado inanukia sabuni. Sasa nafasi ya kuhudumia wateja ilikuwa imepatikana, na mwenye ofisi, Madam Olfa, alikubali kumsikiliza Alhamisi akiunadi mji huo. Msafishaji alipewa tikiti ya kwenda kwao kila baada ya miaka miwili. Wa kuhudumia wateja, kila mwaka. Na huko Bungoma, Kenya, bintiye Nafula, aliyeachwa kwa nyanya yake, alikuwa anang'oka meno bila mama wa kuyaona. Mtoto huyo akipigiwa simu hukimbia kupanda kaburi la saruji la babu, mbele ya nyumba, maana pale ndipo mtandao hushika vizuri.

Alhamisi ikafika. Madam Olfa, Mtunisia mwenyewe, aliketi na kahawa yake. Twaha, dereva wa ofisi, Mzanzibari, alijifanya anatafuta funguo mlangoni ili asikie.

Nasimiyu alianza na dhahabu. Akaja kwenye hariri, lango, bandari ya kale iliyochongwa mwambani. Madam akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Basi Nasimiyu akachangamka, akaongeza la kwake.

"Na karibu na mnara wa taa kuna makaburi meupe yanayotazama bahari. Pazuri sana kwa familia! Wazazi watakaa juu yake wapumzike, watoto nao waruke-ruke kutoka hili hadi lile."

Kikombe kikatua mezani.

"Wakae wapi?"

"Juu ya makaburi, Madam."

"Astaghfirullah," Twaha alinong'ona. "Dada, kaburi halikaliwi!"

"Nyanya yangu amelala pale," akasema Madam Olfa.

Nasimiyu aliiona tikiti ikipaa bila yeye. "Nisamehe, Madam. Kwetu mzee huzikwa nyumbani, asipitwe na habari. Tunaanika mahindi juu yake. Mtoto wangu huongea nami kwa simu akiwa amekaa pale. Nikadhani wale wa Mahdia wamepewa bahari ili wajukuu wapende kuwatembelea."

Madam aliinamia kikombe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Nasimiyu akadhani analia.

"Mahindi!" Madam akasema, akijifuta macho kwa kicheko. "Nyanya angeyafukuzia kuku. Alikuwa mbea, upweke hakuuweza kabisa." Akajikaza. "Hayo ya kuruka makaburi yatoe, wateja watakimbilia Uturuki. Ya wajukuu yaache. Unaanza Jumapili."

Nasimiyu alipofika chini barabarani, alipiga simu Bungoma.

"Mama, ngoja nipande kwa babu!" Zikasikika pumzi za mbio. "Nishafika. Sema."

Nasimiyu alitaka kumwambia ashuke, akakumbuka mtandao.

"Mwaka ujao nakuja, mamangu. Na unaofuata."

"Na ule mwingine?"

"Na ule mwingine."

Halafu, kwa mbali, akasikia kiganja kidogo kikigonga saruji.

"Babu! Umesikia?"