Bahasha Tisa za Swala

Nimefundisha saikolojia ya michezo miaka kumi na miwili, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila mwisho wa mwaka mkuu wa idara ananipiga danadana: mwakani, mwakani. Safari hii alisema wazi kwamba nikichapisha utafiti mmoja wa maana kwenye jarida la maana, kazi ya kudumu ni yangu. Nisipochapisha, nisirudi. Nina miaka hamsini na mmoja. Nitakwenda wapi, nikamfundishe nani kuvuta pumzi?

Basi nikachukua wakimbiaji ishirini wa timu ya chuo. Kila Ijumaa, kabla ya mazoezi, walijaza dodoso langu: umelala vipi, una hofu kiasi gani, unajiamini kiasi gani. Chini niliacha mistari mitatu mitupu ya kuandika lolote. Kila mmoja alitia lake kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akanikabidhi. Kanuni niliiweka mwenyewe na niliionea fahari: hakuna bahasha itakayofunguliwa mpaka msimu uishe, nisije nikajua yaliyomo halafu uso wangu ukawaharibia majibu. Wao sikuwaambia. Niliona wakijua watajaza ilimradi.

Wa kwanza kunikabidhi siku zote alikuwa msichana tuliyemwita Swala, mpole, wa mbio za mita elfu tano. Ananipa shikamoo, kisha ananitazama muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Nikadhani ananipenda tu. Walimu tuna ugonjwa huo.

Kwenye fainali mguu wake ulivunjika kona ya mwisho, mbele ya jukwaa. Daktari alisema mfupa wa muundi ulikuwa na ufa wa wiki nyingi, na sasa umesagika; kukimbia asahau, kutembea ataona huko mbele. Nilisikitika kama walivyosikitika wengine. Kisha, kwa kuwa msimu umekwisha, nikarudi ofisini kufungua bahasha.

Zake zilikuwa tisa. Ya kwanza: mwalimu, mguu unaniuma hata nikilala, kocha anasema najidekeza. Ya tatu: nimwambieje? Ya sita: ulitufundisha kwamba hofu huweza kujifanya maumivu, sasa haya yangu ni yapi? Ya tisa: naona umenyamaza, nimeelewa, ni hofu tu, nitakimbia.

Nilizirudia zote tisa, kisha nikazibeba kwenda kwa mkuu.

Mkuu wa idara alizisoma mara mbili, akavua miwani, akasema huo ndio uti wa mgongo wa makala. Kilichobaki ni saini ya msichana kuruhusu maneno yake yanukuliwe. Ningeweza kukataa. Nilichukua fomu.

Nilimkuta kwao, mguu juu ya mito miwili. Mama yake alinikaribisha kwa heshima iliyonichoma, akatuacha. Swala akaniamkia, akaniomba nisijilaumu. Aliamini nilisoma, nikapima, nikaona ni hofu. Kila mtu hukosea, alisema, hata madaktari.

Ningenyamaza hapo, ningetoka salama.

"Sikusoma," nikamwambia. "Sikufungua mpaka msimu ulipoisha. Ndivyo nilivyoupanga utafiti."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akageukia dirishani.

"Afadhali ungesoma ukakosea, mwalimu."

Nikataka kuondoka. Lakini alikwisha kuiona fomu mkononi mwangu, akauliza ni ya nini. Nikamweleza yote, hata habari ya kazi, huku najisikia mchafu. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Akanyoosha mkono apewe kalamu, akasaini bila kuisoma, akanirudishia.

Nami nikaipokea.