Udongo Ulioungua

Mdomo wangu hauna breki, muulizeni mume wangu. Leo asubuhi ulinigomea.

Kazini kwetu tunachunguza utitiri wa udongoni, vijidudu ambavyo bila hadubini huvioni hata ukodoe macho vipi. Udongo tunauweka kwenye faneli, juu yake taa ndogo. Joto linapenya udongo taratibu kutoka juu, wadudu wanalikimbia kwenda chini, wanadondokea kwenye chupa ya spiriti. Kisha Daktari, mtafiti mkuu wetu, anawakagua miguu na vinyweleo, anaamua nani ni nani. Wa kule karibu na kilele cha mlima hakuna aliyewahi kuwapa majina.

Anayepanda kuuleta udongo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kazi nilimwombea mimi. "Shemeji," hunitania, "nyumbani unaua chawa, kazini unawatafutia majina!"

Jana ile taa ndogo iliungua. Nikaona uvivu kwenda stoo, nikachomeka balbu kubwa ya korido, nikaenda zangu nyumbani. Haraka haraka haina baraka, na ninayewaambia wenzangu hivyo ni mimi! Udongo ulikauka wote kwa mpigo, wadudu wakafia humo humo. Asubuhi nikairudisha balbu ya watu na kuweka ndogo mpya ya stoo kabla hajaingia mtu.

Daktari alipochungulia chupa, hola, hata mdudu mmoja. Akamwita shemeji.

"Udongo wa kule juu haukosi wadudu. Huu umeuchota kando ya barabara."

"Daktari, haki ya Mungu nilifika! Tazama magoti yangu yalivyochubuka."

"Usinifanye mtoto. Vua buti za kazi, nenda zako."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, si useme! Wewe unanijua."

Mimi huyu, chiriku mzima, nikajifanya nafuta lenzi. Akaziacha buti mlangoni, akaondoka na ndala.

Mke wake ni mjamzito, na mimi najua hawana pengine pa kushika. Nikajikaza, nikamwendea Daktari, nimekusudia kusema yote.

"Nadhani taa ilipata hitilafu," nikasema. "Tumwache apande tena."

Hitilafu! Ningejizaba kofi.

Daktari akaguna. "Haya, mwite. Ila akileta udongo wa namna hii tena, tusijuane."

Nikampigia simu. Hata sijamaliza kusema Daktari anamwita, alishaelewa. "Umenitetea!" akapiga kelele, kisha nikamsikia akimwambia mkewe, "Si nilikwambia? Shemeji hawezi kunitupa."

Nikasema, "Shemeji, ngoja kwanza, nisikilize..." Lakini simu ilikuwa imeshachukuliwa na mkewe. Akaniombea dua, mimi na wanangu, huku analia.

Nikaitikia amina.