Disketi Iliyokaa kwa Mzee Muriithi

Mwaka 1998 nusu ya mji wa Nyeri tulitumia anwani moja ya barua pepe, nayo ilikuwa ya Monicah, mwenye duka la kompyuta. Barua yako ikija, Monicah aliichapisha, akaisoma, akaikunja, ndipo akakuita. Nilipomwandikia Mukami, aliyekuwa Leeds, Uingereza, akisomea uuguzi, kwamba tangu aondoke chakula hakipiti, kesho yake mwenye bucha aliniuliza kama nimeanza kula.

Nikaomba uchumba kwa njia hiyo hiyo, mjinga mimi. Mukami akajibu: "Jambo hilo sitakujibu kupitia kwa Monicah. Tafuta programu ya PGP, barua zifungwe asizisome. Na mtu ninayemwamini athibitishe kwamba ufunguo ni wako, maana Monicah anaweza kuniandikia kwa jina lako." Monicah alinikabidhi karatasi hiyo akiwa amenuna.

Ben, ndugu yake Mukami, mwalimu wa kemia, ndiye pekee niliyemjua mwenye PGP. Akanieleza kwamba unatengeneza funguo mbili. Mmoja unaugawa kwa kila mtu, nao hufunga barua. Wa pili unauficha, nao hufungua. Wanaokujua hutia sahihi kwamba ule wa kugawa ni wako kweli.

"Si kuna hii ingine, S/MIME?" nikauliza. "Kampuni ya ng'ambo inakuthibitisha."

"Itakujua aje? Inatuma barua kwa anwani yako, ukijibu, basi ni wewe. Na hiyo anwani ni ya nani?"

Ya Monicah. Kampuni ingeapa mbele ya dunia nzima kwamba Monicah ndiye mimi, Kihara.

"Basi weka sahihi wewe, Ben."

"Nisainie mtu anaulizia dada yangu na Mzee hajui? Ati unataka nifukuzwe boma?"

Hivyo nikajikuta kijijini Gakindu, kwa Mzee Muriithi, baba yao mkubwa, kitambulisho changu kikizungushwa kwa wazee kama ugoro. Ben alitakiwa kuthibitisha tu kwamba mimi ni Kihara. Wazee walitaka kujua mimi ni Kihara wa aina gani. Waliuliza kuhusu baba yangu, kuhusu kahawa yetu iliyochelewa kupaliliwa, na kuhusu mbuzi fulani wa mwaka 1974. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka miwili, lakini nilijibu.

Mwishowe Mzee akasema, "Na hii ufunguo ya kuficha, iko wapi?"

Nikamwonyesha disketi.

"Kijana, unakuja kuuliza msichana kwangu na unaficha kitu? Hiyo itakaa na mimi."

Ben akaangalia dari. Kosa kubwa kuliko yote ndilo hilo, na wote wawili tulilijua. Lakini bila sahihi hakuna jibu. Nikatoa disketi, Mzee akaitia ndani ya Biblia, naye Ben akatia sahihi na kumtumia Mukami ufunguo wa kugawa. Neno la siri lilibaki kichwani mwangu, kwa hiyo hangeweza kufungua barua bila mimi, wala mimi bila yeye.

Jibu lilifika baada ya siku tisa, ukurasa mzima wa herufi zilizovurugika. Monicah aliusoma wote hata hivyo. Jumamosi Mzee akaja Nyeri na disketi, pamoja na watu tisa wa ukoo, wakajaa dukani hadi mlangoni. Niliandika neno la siri. Niliogopa atakataa; sijawahi kuogopa kitu namna ile. Mzee akamwambia Ben asome kwa sauti, walio nyuma wasikie.

"Kihara, nimekubali," Ben akasoma. "Lakini usimwambie mtu, hata Baba Mkubwa, mpaka nije Desemba. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na jambo ambalo ukoo wote haulijui kabla ya chai ya saa nne. Hili nataka tulijue wawili tu."

Furaha na aibu vilinishika pamoja nikashindwa kuinua uso.

Mzee Muriithi akavaa kofia. "Masikio yangu imezeeka," akasema. "Mimi sijasikia kitu."

"Hata sisi," wakasema wengine. Monicah naye akatikisa kichwa kwamba hakusikia. Mzee akanirudishia disketi, wakatoka mmoja mmoja.

Desemba Mukami alipotangaza habari, ukoo ulishangaa kwa nguvu, shangazi mmoja hata akalia. Mukami akaniminya mkono chini ya meza. "Asante kwa kuniwekea siri," akaninong'oneza.

Tumeoana, tuna watoto watatu, na mpaka leo sijamwambia.